Hesabu za Mashine Zionyeshwe Hatua

Ofisa wa serikali anapoletewa mezani jedwali lililochapwa vizuri, lenye safu za tarakimu na ramani ya rangi tatu, desturi yake ni kuuliza swali moja tu: jumla ni ngapi? Ni swali jema, lakini halitoshi. Lipo swali linalostahili kutangulia, nalo ni hili: jumla hiyo imefikiwaje, na je, mtu mwingine akipewa kumbukumbu zile zile na mashine nyingine, ataifikia? Swali hili ndilo kiini cha semina zinazoendeshwa siku hizi katika vyuo vikuu juu ya matumizi ya kompyuta katika sayansi ya data. Kwa kuwa somo hilo linazidi kutajwa maofisini, na kwa kuwa wengi wanaolitaja hudhani ni somo la kununua mashine, tumeona yafaa leo tueleze semina ya namna hiyo hufanyaje kazi. Tutaieleza kwa mfano wa mahali ambapo kosa la hesabu huingia ndani ya nyumba za watu, yaani kata ya Mchikichini, Dar es Salaam.

Mchikichini imepakana na Kariakoo. Msomaji wa Visiwani aliyepata kuvuka bahari kwenda kununua bidhaa hatakosa kuijua, kwani hapo ndipo ulipo uwanja wa mpira wenye jina la Marehemu Mzee Abeid Amani Karume, na soko la nguo za mitumba ambalo watu wamezoea kuliita Karume vile vile. Soko hilo liliteketea kwa moto mwezi Januari 2022. Lakini upande wa pili wa kata hauzungumzi habari za moto, bali maji. Upo mtaa uitwao Msimbazi Bondeni, na jina lake lasema kila kitu. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, ukapita katikati ya jiji, na unapofika bondeni hapo hauna tena pa kwenda upesi. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu wapatao 40 jijini, na Serikali ikawahamishia wakazi wengi wa bondeni huko Mabwepande. Tangu hapo maji yamerudi mara nyingi, barabara ya Jangwani imefungwa mara nyingi, na mabasi yaendayo haraka yamepata kukutwa na mafuriko kwenye kituo chao cha kulala.

Si vibaya kukumbusha pia kwamba elimu ya chuo kikuu katika nchi hii ilianzia jirani na hapo. Mwezi Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, wanafunzi 14 wa sheria walianza masomo. Chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964, kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kamili mwaka 1970. Wapo waliosema kwamba kwa kupanda mlima kimewapa kisogo watu wa mjini. Sisi hatutaamua shauri hilo. Twasema tu kwamba mwaka 2015 wanafunzi wa chuo hicho, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu Ardhi, waliteremka tena bondeni wakiwa na simu, karatasi na vipimo.

Kazi hiyo iliitwa Ramani Huria. Ilisaidiwa na Benki ya Dunia, Chama cha Msalaba Mwekundu, Tume ya Sayansi na Teknolojia na wengineo, nayo ilikuwa imetanguliwa na jaribio la Tandale la mwaka 2011. Wanafunzi walikwenda na wenyeji wa mitaa, wakaandika nyumba, vichochoro, mitaro na mahali maji yalipofika. Ndege zisizo na rubani, ambazo wengi huziita ndege nyuki, zilipiga picha kutoka juu. Yote yakawekwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi kwa kila mtu. Mambo hayo yaliyokusanywa kwa miguu ndiyo mali ghafi ya semina, na hapo ndipo kazi ya kompyuta inapoanza.

Chumba chenyewe cha semina hakina maajabu. Huwamo watu kumi, pengine ishirini, kila mmoja na kompyuta yake ndogo, na ukutani imeakisiwa kazi ya mmoja wao. Mwenye kazi hatoi hotuba juu ya matokeo. Husoma maagizo aliyoiandikia mashine, mstari kwa mstari, na wenzake huyafuata kwa kuyaendesha katika mashine zao wenyewe. Wakipata jibu tofauti na lake, kikao husimama hadi sababu ijulikane. Lugha wanazoandikia maagizo ni kama R na Python, na ramani huchorwa kwa QGIS, ambazo zote hupatikana bila malipo. Hata programu iitwayo InaSAFE, iliyotumiwa Dar es Salaam kukadiria ni watu na majengo mangapi yatafikiwa na mafuriko, ilizaliwa Indonesia, nchi ya visiwa kama sisi, na hutolewa bure. Ofisi inayosema kwamba haina fedha za kuanzia itafute udhuru mwingine.

Sheria ya kwanza ya semina ni kwamba kumbukumbu ya asili haiguswi. Orodha iliyotoka mtaani hubaki kama ilivyotoka, pamoja na makosa yake yote. Anayetaka kusahihisha huandika agizo la kusahihisha, likasomeka, likawa na tarehe na jina lake. Mtumishi yeyote aliyepata kufanya kazi katika masjala ataelewa mara moja, maana ni kawaida ya jalada: kila karatasi ina namba ya folio, na anayechomoa folio ya 14 ataacha pengo linaloonekana. Wanasemina hutumia programu iitwayo Git ambayo huhifadhi kila badiliko la maandishi yao kwa mtindo huo huo. Ni masjala ya elektroniki, tena isiyokwenda nyumbani saa tisa na nusu.

Tuchukue mfano wa kufikirika, ambao hata hivyo hautakuwa mgeni kwa yeyote aliyewahi kukusanya habari uswahilini. Orodha ina safu ya saa ambayo maji yaliingia nyumbani. Mama mmoja alisema saa nne usiku. Karani mmoja ameandika 22:00, mwenziwe ameandika 4:00. Mashine haijui Kiswahili cha saa. Inasoma 4:00 ikadhani ni alfajiri, yaani saa kumi kwa hesabu yetu, na mara nyumba mbili zilizogusana kuta zinatofautiana kwa saa sita. Mtu atasema hilo ni dogo. Lakini kinachotafutwa katika safu hiyo ni muda ambao maji huchukua kutoka Pugu hadi Mchikichini, na muda huo ndio unaoamua kama onyo litawakuta watu macho au usingizini. Hakuna mtaalamu wa London atakayeligundua kosa hilo kwa kuangalia tarakimu. Atakayeligundua ni kijana aliyelelewa katika nyumba ambamo saa ya ukutani husema kumi na mama husema nne.

Jambo la pili ni kina cha maji, na hapo semina huweza kukaa alasiri nzima. Mkazi aliyenusurika na mtoto mgongoni hakupima maji kwa sentimita. Atakuambia yalifika magotini, yalifika kiunoni, yalifika kifuani. Mashine yataka namba. Basi goti ni nusu mita? Kiuno ni mita moja? Kiuno cha nani? Mwanamume mrefu aliyesimama mlangoni, au bibi aliyesimama uani ambako pako chini zaidi? Mmoja atapendekeza zichukuliwe namba za wastani, mwingine atapendekeza kila jibu lipewe kima cha chini na kima cha juu, wa tatu atauliza kama kizingiti cha nyumba kilipimwa. Hakuna jibu moja lililo sahihi peke yake. Lililo lazima ni kwamba uamuzi waliofikia, na sababu yake, vinaandikwa ndani ya programu kwa maneno ya kawaida, ili mtu atakayekuja baada ya miaka kumi aweze kuubadilisha na kuona matokeo yanabadilikaje. Kama kwa kubadili kiuno kutoka sentimita 100 kuwa 90 nyumba mia zinahama kutoka rangi nyekundu kwenda njano, ni haki ya ofisa kuambiwa kabla hajatia sahihi.

Kisha huja swali zito kuliko yote, ambalo mashine haiwezi kuliuliza yenyewe: nani hayumo katika orodha? Waliohojiwa bondeni mwaka 2015 ni wale waliokuwapo bado. Waliofikiwa na maji mabaya zaidi mwaka 2011 walikuwa wamekwisha kuhama, wengine Mabwepande, wengine kwa jamaa zao, na waliokufa hawahojiwi. Ukiwauliza waliobaki peke yao, na ukajumlisha majibu yao kwa uaminifu kabisa, utapata bonde lenye maji mafupi kuliko yalivyokuwa. Kila tarakimu itakuwa ya kweli, na jumla itakuwa ya uongo. Tumewahi kusikia watu wakisifu kompyuta kwamba haina upendeleo. Hiyo ni kweli kama mizani isivyo na upendeleo, lakini mizani haijui ni mzigo gani ulioachwa nje ya ghala.

Linalofuata ni kujaribu kama hesabu ina nguvu ya kubashiri. Mwanafunzi hutengeneza kanuni ambayo, ikipewa mwinuko wa ardhi, umbali kutoka mtoni na hali ya mtaro, itataja kina cha maji. Kabla ya kuiamini huficha sehemu ya majibu, akaiuliza kanuni iyataje, kisha akalinganisha. Njia ya kawaida ni kuficha nyumba moja hapa na moja pale kwa kura ya mashine, na namba iliyoanzisha kura hiyo huandikwa ili kura irudiwe vile vile. Lakini katika mafuriko njia hiyo hudanganya, maana nyumba iliyofichwa imezungukwa na majirani waliokumbwa na maji yale yale, nao watainong'oneza kanuni jibu. Semina nzuri itamtaka afiche mtaa mzima. Kanuni ijifunze kwa mitaa mingine, kisha iulizwe habari za Msimbazi Bondeni isikopata kufika. Mara nyingi usahihi uliokuwa ukijisifu hushuka vibaya, na kikao huwa kimya kidogo. Kushuka huko ndiko habari yenyewe, kwani ofisa anayetaka kuipeleka kanuni hiyo katika mji mwingine ameonywa.

Juu ya ukubwa wa kazi tutasema machache. Picha za ndege nyuki, ambazo kila nukta yake ni sentimita chache za ardhi, huijaza kompyuta ndogo mara moja. Basi wanafunzi hufundishwa kuikata picha vipande, kukifanyia kazi kipande kimoja kimoja, na kuhifadhi matokeo kila hatua ili umeme ukikatika wasianze upya.

Wasomaji wa Unguja na Pemba watauliza haya yanawahusu nini. Yanawahusu sana, tena si kwa jirani peke yake. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kupiga picha visiwa vyetu kwa ndege nyuki, Kamisheni ya Ardhi ikiwa mwenyeji wake, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafunzwa kuzirusha. Picha hizo zilifunguliwa kwa ulimwengu, na mwaka 2018 yakafanyika mashindano ya kuifundisha kompyuta kuyatambua majengo yaliyomo. Majengo yaligawanywa mafungu matatu: yaliyokamilika, yasiyokamilika na misingi mitupu. Kwa mshindani aliyekaa Ulaya, nyumba isiyoezekwa upande mmoja ni nyumba isiyo na mtu. Sisi tunajua kwamba Mswahili hujenga kwa miaka, huhamia katika chumba kimoja kilichoezekwa, na huanika nguo juu ya nondo za ghorofa isiyokuja bado. Na msingi mtupu si kiwanja kitupu. Una mwenyewe, ana shahada au maneno ya sheha, na labda yuko Muscat akitafuta fedha ya matofali. Ikiwa hesabu ya kaya itafanywa kwa picha, bila mwenyeji kusema hayo ndani ya semina, shehia nzima huweza kupungukiwa watu.

Twasisitiza hilo kwa sababu nchi hii imekwisha kulipa ada ya somo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali, aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za Serikali zilipohamishiwa kwenye mashine mambo yalivurugika, na waliojua kuiendesha walikuwa hasa wageni. Mwaka 1974 ikatolewa amri ya kupiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. (Habari ya televisheni iliwafanya watu wa Zanzibar kutabasamu, kwani wao walikuwa na yao, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970.) Amri ile ililegea kidogo kidogo, na leo ni rahisi kuicheka. Sisi hatuicheki sana. Hasara haikuletwa na mashine kuwa mpya. Ililetwa na kutokuwapo watumishi wa kutosha walioweza kuzifuata hatua za hesabu na kusema hapa ndipo ilipopotoka. Na leo vishikwambi vimejaa. Sensa ya Agosti 2022 iliyotumia vishikwambi hivyo ilitupa Zanzibar watu 1,889,773. Mashine hazipungui tena. Wanaoweza kuzifuata hatua ndio tunaowauliza wako wangapi katika kila wizara.

Kuna upande wa sheria nao. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa mwaka 2018, ikawa ni kosa kutangaza takwimu zinazopinga au kupotosha zile rasmi. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na kosa hilo likaondolewa. Ilikuwa busara kuliondoa. Semina tuliyoieleza haiwezi kuishi mahali ambapo kurudia hesabu ya mkubwa na kupata jibu jingine ni jinai, kwani kazi yake yote ni kurudia hesabu za watu. Kwa upande wa pili, wanasemina nao wana mipaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yawahusu, maana orodha ya nyumba, simu na maradhi ya watu wa mtaa mmoja si kitu cha kupita mkononi mwa kila mwanafunzi. Desturi njema ni kuondoa majina kabla orodha haijaingia chumbani, na katika mtaa ambao kila mtu anamjua mwenziwe hata hilo halitoshi. Fundi cherehani kiziwi anayekaa nyumba ya tatu kutoka mtaroni atajulikana bila jina.

Mambo haya si ya darasani tu, na mkazi wa bondeni anajua hivyo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, na wakazi wamethaminiwa mali zao na kulipwa fidia ili wapishe. Malalamiko hayakukosekana. Mstari uliochorwa na kompyuta juu ya ramani hupita kati ya nyumba mbili: huyu anahama na fungu lake, yule anabaki na maji yake, na wote wawili walikuwa wakichota maji bombani pamoja. Mstari huo umetoka katika kina cha maji, kina kimetoka katika kiuno na goti, na kiuno na goti vimetoka katika kinywa cha mkazi aliyekuwapo siku aliyopita karani. Mkazi anayekwenda ofisini kuuliza kwa nini mstari umepita pale ana haki ya kuonyeshwa njia hiyo yote kurudi nyuma, hatua kwa hatua, kwa lugha anayoielewa. Kama ofisa aliyekaa mezani hawezi kumwonyesha kwa sababu hatua ziko katika kompyuta ya mshauri aliyekwisha maliza mkataba wake na kurudi kwao, basi tumo bado katika mwaka 1974.

Tunalopendekeza kwa wakubwa wetu wa pande zote mbili za Muungano ni dogo na halihitaji bajeti mpya. Kila jedwali litakalopelekwa kwa mkurugenzi, kwa katibu mkuu au kwa Baraza liambatane na viungo vitatu: kumbukumbu ya asili iliyoondolewa majina, programu iliyoifanyia kazi, na karatasi moja ya maamuzi yaliyofanywa njiani kama lile la kiuno. Mikataba ya washauri iseme hivyo tangu mwanzo. Na ofisi mbili za takwimu, ile ya Taifa na ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, ziwaruhusu watumishi wao vijana kuketi katika semina hizi Mlimani, Chuo cha Takwimu Changanyikeni, au Tunguu, si kwa kupata cheti bali kwa kupeleka majedwali ya ofisi zao yakarudiwe mbele ya watu.

Kwa Unguja twajua pa kuanzia. Mwanakwerekwe imejaa maji katika masika zaidi ya moja, na alama za kina bado zinaonekana kwenye kuta za baadhi ya nyumba. Masheha wanazijua nyumba hizo. Zipimwe kwa futi ya fundi, ziandikwe pamoja na saa, na iandikwe ni saa ya nani, kabla watu hawajapaka chokaa mpya kwa ajili ya Idi.